Faili la Ukoo

Siku hizi mtu akisahau alikoweka faili huandika jina lake tu, likaja. Sisi wa enzi za DOS tuliyajua mashaka mengine.

DOS ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1981, haikuwa na saraka ndani ya saraka. Diski ya kilobaiti 160 ilibeba mafaili yasiyozidi 64, na amri ya DIR iliyaorodhesha yote. Faili lingepotelea wapi? Mwaka 1983 ikaja IBM XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, pamoja na DOS 2.0 iliyoiga saraka za Unix. Nyumba ikapata vyumba, vyumba vikapata masanduku. Lakini DIR iliendelea kuchungulia chumba kimoja tu.

Mwaka 1992 nilipiga chapa habari za ukoo wetu alizonisimulia marehemu baba. Kijana mmoja ofisini akaipanga upya ile diski, na faili nisilione tena. Baba alikwishazikwa, ningemwuliza nani? Siku mbili nilifungua saraka moja baada ya nyingine. Ndipo mwenzangu aliponiambia kwamba DOS 5.0, iliyotoka mwaka 1991, imeongeza alama ya /S kwenye DIR. Nikaandika:

DIR \UKOO*.* /S

Kompyuta ikaingia kila saraka, na kila iliyomo ndani yake, taa ya diski ikimetameta. Mwishowe ikaonyesha: C:\ZAMANI\BARUA. Humo mlikuwa na UKOO.TXT, tarehe ileile niliyoiacha.

Nikalitoa kwenye karatasi siku hiyohiyo, nakala tatu.