UZI: Nani alihesabiwa? Wafu wa 2008 kutoka Kitale, Bungoma na Mlima Elgon

Kila mjadala wa siasa ukigusa ghasia za 2007/08, watu wawili hawakosi. Wa kwanza anauliza, "Kabila gani lilipoteza wengi?" Wa pili anasema, "Hayo yalipita, kubali usonge mbele." Mimi nasoma sayansi ya siasa, kwetu ni Kitale upande wa baba na Bungoma upande wa mama, na nataka kuwajibu wote wawili kwa historia. Sitaji mwanasiasa wala chama. Kama hiyo ndiyo unatafuta, pita tu.

Tuanze na namba ambayo kila mtu huirusha: 1,133. Hiyo ni ya Tume ya Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008. Bonde la Ufa 744, Nyanza 134, Nairobi 125, Magharibi 98, Pwani 27, Kati 5. Ndani ya Bonde la Ufa, wilaya ya Trans Nzoia peke yake, yaani Kitale na mashamba yake ya mahindi, ilipoteza watu 104. Na katika wale 1,133, watu 405 walikufa kwa risasi. Nakuomba usome hapo tena. Zaidi ya mmoja kati ya kila watatu alikufa kwa risasi, na jirani yako wa kawaida hana bunduki. Kwa hivyo ukiuliza "kabila gani liliua kabila gani," tayari umeacha nje kikosi kizima cha polisi.

Kiambaa karibu na Eldoret mnaijua: tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisani walichomewa humo, wengi wao wanawake na watoto. Naivasha mnaijua pia: tarehe 27 Januari, watu 19 walichomewa ndani ya nyumba moja. Ukiziweka hizo mbili pamoja, hesabu ya kikabila inakwama, kwa sababu waliolia Kiambaa na waliolia Naivasha hawakuwa jamii moja. Mtoto wa miaka minne hakuwa amepiga kura popote.

Kitale haikuwa na picha moja kubwa ya kuonyeshwa kwenye televisheni za dunia. Ilikuwa na uwanja wa maonyesho ya kilimo uliojaa mahema. Watu waliotoka mashambani walilala pale ambapo kwa kawaida watu huenda kuangalia ng'ombe wa maziwa na mbegu mpya.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mapigano ya kikabila yaliyoanza Oktoba 1991 kule Miteitei, Nandi, yalifika Trans Nzoia na Mlima Elgon, na waliofukuzwa wakateremka hadi Bungoma. Kamati ya Bunge ilihesabu wafu 779 katika mapigano yale. Neno "madoadoa", la kuwaita majirani uchafu unaofaa kutolewa kwenye nguo, lilitumika wakati ule, na 2007 likarudi kana kwamba lilikuwa limewekwa tu kabatini. Anayesema yalipita aniambie yalipita mwaka gani.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ndiyo hasa ilinifanya niandike uzi huu.

Tarehe 28 Februari 2008, Makubaliano ya Kitaifa yalitiwa saini Nairobi. Watu walishangilia barabarani, na walikuwa na haki ya kushangilia. Siku chache baadaye, mwezi Machi, wanajeshi walipanda Mlima Elgon, kwenye eneo ambalo leo ni Kaunti ya Bungoma. Walikuwa wanalifuata kundi la SLDF, lililochukua silaha miaka miwili hivi mapema kwa sababu ya ugawaji wa ardhi katika makazi ya Chebyuk. Kundi hilo lilikuwa katili kwelikweli. Lilikata watu masikio, likaua zaidi ya watu 600 kwa makadirio ya watetezi wa haki, na wengi wa waliouawa walikuwa Wasabaot kama wenyewe wauaji. (Hapo tena swali la "kabila gani" linakufa.)

Operesheni ya jeshi iliitwa Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa kwa maelfu, wakapelekwa kambi ya Kapkota, na kuna waliotoka na majeraha na kuna ambao hawakutoka. Jeshi lilikanusha kuwatesa watu. Human Rights Watch, katika ripoti zake za 2008 na 2011, ilisema watu zaidi ya 300 walipotezwa, wengine na SLDF, wengine na wanajeshi. Wakati huohuo, Mei 2008, serikali ilianzisha operesheni nyingine ya kuwarudisha wakimbizi wa ndani mashambani kwao, ikaiita Rudi Nyumbani. Serikali yetu ina kipaji cha majina.

Mtu atanijibu: "Mlima Elgon ilikuwa mambo ya mashamba, si uchaguzi." Nimelisikia sana, hata darasani. Lakini SLDF hao hao walitisha watu kuelekea kura ya Desemba 2007, na kwetu ahadi ya shamba ndiyo kampeni yenyewe. Ukitenganisha ardhi na uchaguzi katika Trans Nzoia au Bungoma, hutabaki na uchaguzi wowote wa kueleza. Kilichofanywa na utenganisho huo ni kwamba msiba mmoja ulipata tume, namba na hotuba, na wa pili ukaachiwa familia.

Na kuomboleza kunataka vitu. Kwa Wababukusu, mzee akifa, siku ya tatu baada ya mazishi anaweza kuitiwa msemaji wa kumuse. Anatembea mbele ya watu na fimbo yake, anasimulia ukoo umetoka wapi, marehemu alikuwa nani, anawaonya walio hai wasilipize kisasi wala kutupiana lawama. Angalia kazi inayofanyika pale: jina linatajwa hadharani, na hasira inapewa mahali pa kukaa. Lakini huanza na kaburi. Katika baadhi ya familia za Waluhya, mwili usipopatikana, huzikwa mgomba badala yake, ili angalau pawe na mahali pa kuelekezea kilio.

Mgomba hautoi cheti cha kifo, lakini. Na bila cheti cha kifo mjane hawezi kufungua kesi ya urithi, kwa hivyo shamba linabaki kwa jina la mtu ambaye serikali haisemi amekufa na haisemi yuko hai. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu adhaniwe amekufa baada ya miaka 7 bila habari zake. Mke wa mtu aliyechukuliwa Machi 2008 alitakiwa kungoja hadi Machi 2015. Kwanza umnyime mtu mwili, halafu umwambie asubiri miaka 7, halafu mtandaoni umwambie asonge mbele. Asonge aende wapi, na kwa shamba gani?

Kuna waliojaribu mahakama. Kesi ya Mlima Elgon ilifikishwa kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Machi 2012 kitengo cha rufaa kiliitupa, si kwa sababu hakuna kilichotokea, bali kwa sababu ililetwa nje ya muda. Muda wenyewe ni miezi 2. Yaani kulalamika unapewa miezi 2, kuitwa mjane unangoja miaka 7.

Kesi za The Hague nazo ziliisha Aprili 2016 bila mtu yeyote kupatikana na hatia. Hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa ilitangazwa Bungeni Machi 2015, na waathiriwa wameendelea kuiulizia. Mahali niliona mlango ukifunguka ni Mahakama Kuu, Desemba 2020, ilipoamuru wanawake 4 waliobakwa wakati wa ghasia walipwe milioni 4 kila mmoja. Walikuwa wamefungua kesi 2013, wakiwa wanane.

Majibu yako wazi. Ukitaka kubishana na namba, fungua kwanza ripoti ya Waki, jedwali la vifo kwa wilaya, uniambie Chebyuk na Kapkota umewaona mstari gani. Na kama kwenu kuna aliyechukuliwa, tafadhali usiandike jina lake hapa chini, watu wa mtandao hawana adabu. Ninaendelea kesho na Chebyuk yenyewe, kuanzia 1971.