Maganda ya Nere na Kuta za Tiébélé

Kusini mwa Burkina Faso, karibu na mpaka wa Ghana, Wakassena wana kijiji kiitwacho Tiébélé. Makao ya chifu wao, nyumba za udongo zilizosongamana, yana historia inayoanzia karne ya 16. Mgeni macho humkimbilia kwenye michoro: pembetatu, vipande vya vibuyu, chatu aliyejinyoosha ukutani. Mimi naomba tutazame utando mwembamba uliopakwa juu ya michoro hiyo, ambao ndio unaoikinga na mvua.

Tangu zamani wanaume hujenga, wanawake husiriba na kupamba. Hungoja mavuno yaingie ghalani na mvua ikatike, ili ukuta upate muda wa kukauka. Udongo hukandwa kwa maji na samadi ya ng'ombe, ukapakwa kwa viganja. Samadi ina nyuzi ndogo za majani aliyokula ng'ombe, nazo huushika udongo usipasuke unapokauka. Aliyekulia kwetu katika nyumba ya kukandikwa anaijua harufu ile, na alama za vidole zinazobaki ukutani kama nusu duara zilizopandana.

Kisha huja rangi: nyekundu ya udongo, nyeupe ya jiwe laini lililosagwa, nyeusi ya grafaiti. Hapo mama huchukua kokoto laini na kusugua, kiganja kwa kiganja, hadi vitundu vya udongo vizibe na ukuta uanze kung'aa. Kazi hii inachosha mkono kweli kweli, na haijasifiwa inavyostahili.

Mwisho ni nere, mti wa jamii ya mikunde. Mbegu zake huchemshwa na kuvundikwa zikawa soumbala, kiungo cha mchuzi kinachopendwa sana Afrika Magharibi, na unga wake wa manjano huliwa. Maganda matupu hayatupwi. Huchemshwa mpaka maji yawe mazito, mekundu kama chai iliyokolea, kisha hupakwa ukutani. Ndani yake mna tanini, jamii ya kemikali ile ile inayotumika kutengeneza ngozi za wanyama. Tanini hushikana na chembe za udongo na madini ya chuma yaliyomo, na udongo mwekundu una chuma tele. Maji ya mvua huchelewa kupenya, lakini unyevu wa ndani bado una njia ya kutoka.

Lipu ya saruji huinyima nyumba njia hiyo. Inaonekana imara, kumbe unyevu ulionaswa nyuma yake unalainisha ukuta, hadi siku lipu inapobanduka na kuondoka na mabonge ya udongo.

Mwaka 2024 UNESCO iliyaingiza makao haya katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Nere, hata hivyo, huoshwa kidogo kidogo, na ukuta huhitaji kupakwa upya. Kiangazi kinapofika, mama mkongwe husimamia kazi, na wasichana hujifunza kando yake, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko.