Sufuria ya Shule na Kihenge cha Jirani

Kata ya Bugwema iko Musoma Vijijini, mkoani Mara, katika bonde lisilo mbali na Ziwa Victoria. Kwa miongo mingi bonde hilo limekuwa likitajwa kwenye mipango ya umwagiliaji, kiasi kwamba mimi nikilisikia jina Bugwema picha inayonijia kwanza ni ya shamba, kisha ndiyo ya kijiji. Kwa hiyo swali linalonisumbua linaweza kuonekana la ajabu likiulizwa huko: mtoto wa shule ya msingi akipewa sahani ya chakula saa sita mchana, chakula hicho kimetoka wapi?

Jibu limebadilika mara nyingi. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama hapo jirani, alitoa Elimu ya Kujitegemea. Kila shule ilitakiwa iwe na shamba, na wanafunzi walilime. Ilikuwa fikra nzuri, lakini shamba la watoto wenye majembe ya mkono, likilimwa kati ya kipindi na kipindi, halilishi shule mwaka mzima. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma na kuamua kuwa ifikapo 1977 watoto wote wa umri wa shule wawe darasani. Uamuzi huo ulifanyika wakati nchi ina ukame. Mahindi ya njano yaliingia kwa meli kutoka nje, na watu wakauita unga wake "yanga". Shuleni kulikuja bulga. Wapo watu wazima leo ambao ukiwatajia bulga hucheka kwanza, halafu wanakueleza ladha yake.

Mwanzoni mwa muongo wa 2010 meli zilirudi kwa jina lingine. Mradi wa Chakula kwa Elimu, ulioendeshwa na shirika la PCI, ulilisha wanafunzi wa shule za msingi katika Musoma, Bunda na Butiama. Fedha zake zilitoka kwa mpango wa serikali ya Marekani unaobeba majina ya maseneta wawili, George McGovern na Bob Dole, uliowekwa katika sheria mwaka 2002. Msingi wa mpango huo ni chakula kilicholimwa Marekani. Sheria ya 2018 iliruhusu sehemu ndogo, isiyozidi asilimia 10, itumike kununua chakula karibu na shule zinazolishwa. Sitaki kuwabeza waliohangaika na mradi ule: uji ulipikwa na watoto wakanywa. Ila mkulima wa Mara alihusika kama mzazi anayeleta kuni na maji. Aliyelima na kulipwa alikuwa mwingine, ng'ambo ya bahari.

Januari 2016 elimu bila malipo ilianza, na michango ya lazima ikapigwa marufuku. Wazazi wengi walielewa kwamba hata debe la mahindi la shuleni limefutwa. Serikali ilitoa waraka mwingine kueleza kwamba chakula cha mtoto kinabaki jukumu la mzazi, lakini neno likishatoka halirudi kirahisi. Tangu hapo kamati za shule zimekuwa zikifuata debe nyumba kwa nyumba, na mtendaji wa kijiji nyuma yao.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Debe hilo ni chakula cha hapohapo, kutoka shamba dogo la hapohapo, lakini linatolewa kama deni. Katika historia hii yote shule imekuwa mdai wa mkulima. Mteja wake haijawahi kuwa. Pamba ya Bunda na Musoma ilikuwa na mnunuzi, mizani na stakabadhi, hata kama malipo yalichelewa. Mhogo, mtama na choroko vimekuwa chakula cha nyumbani, na mchango pale vinapohitajika.

Machi 2024 mjadala huu ulifika magazetini. Kupitia mradi wa Pamoja Tuwalishe, Marekani ilitoa mchele ulioongezwa virutubishi, maharage na mafuta kwa shule 300 za Dodoma. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alisema mchele tunao, na fedha hizo zingefaa zaidi kununua kwa wakulima wetu na kuongezea virutubishi hapa nchini. Wengi waligeuza jambo hilo kuwa ubishi wa kama mchele wa Wamarekani ni salama. Hoja ya Bashe ilikuwa kwingine, na nilisikitika kuona inapita hivihivi.

Tupige hesabu. Chukua shule ya wanafunzi 500, kila mmoja gramu 100 za nafaka kwa siku, siku 194 za masomo. Hizo ni kilo 9,700, yaani magunia 97 ya kilo mia. Tukisema ekari moja ya jembe la mkono inatoa magunia sita, shule nzima inahitaji mavuno ya ekari 16 hivi. Kwa kata ya wakulima hicho ni kiasi kidogo. Ni kaya chache zenye ziada, wala hazihitaji trekta.

Kinachokosekana ni njia ya gunia kufika jikoni likiwa limelipiwa. Shule za bweni za serikali zina fungu la chakula, lakini hununua kwa mzabuni. Mzabuni lazima awe na namba ya mlipa kodi, mashine ya risiti, na siku hizi usajili kwenye mfumo wa ununuzi wa NeST. Juu ya hapo, awe na mtaji wa kuvumilia miezi bila malipo, maana madeni ya wazabuni si habari mpya nchini. Mama mwenye magunia matatu ya ziada hana hata kimoja kati ya hivyo. Dalali anakuja na fedha mkononi, anataka lumbesa, anaondoka. Nani atamlaumu mama huyo kwa kumuuzia?

Brazil iliona kizuizi hikihiki. Sheria yake ya 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu zinunue kwa wakulima wa familia, tena ikaruhusu shule zitangaze mahitaji na kununua kwao bila zabuni ya kawaida. Kenya ilianza mpango wake mwaka huohuo na kuzipa shule fedha zinunue zenyewe, lakini kwa zabuni. Fedha zilichelewa, na walioweza kusubiri walikuwa wafanyabiashara.

Kuna na suala la sufuria yenyewe. Makande ya mahindi na maharage yamekuwa kama sare ya shule nchini. Pwani ya ziwa watu wanakula ugali wa mhogo uliochanganywa na mtama, kwa dagaa. Mtama na mhogo huvumilia jua linalounguza mahindi, na dagaa wanaanikwa kilomita chache kutoka darasani. Orodha ya manunuzi inayoanza na mahindi imeshawaacha nje wakulima wengi kabla bei haijatajwa.

Halafu kuna kalenda. Mazao ya masika Mara huanza kuingia nyumbani kati ya Juni na Agosti, na bei hushuka. Shule hufungua Januari, mama ameshauza ili alipe madeni, na gunia lilelile linarudi kutoka Musoma mjini kwa bei ya mzabuni. Ili shule inunue kwake moja kwa moja, ingehitaji chumba kikavu, mizani, na fedha mkononi mwezi Julai. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai.