Upasuaji wa matundu madogo kwa saratani ya puru
Upasuaji wa matundu madogo kwa saratani ya puru ni njia ya kuondoa uvimbe wa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kwa kamera na vifaa vyembamba. Utafiti wa COLOR II (2015), wa nchi 8, ulionyesha kuwa baada ya miaka 3 saratani ilirudi palepale kwa 5% ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji huu, sawa na waliofunguliwa tumbo. Hata hivyo, jijini Mwanza, Tanzania, uchambuzi wa wagonjwa 332 wa saratani ya utumbo mpana na puru katika Hospitali ya Bugando, uliochapishwa 2013, ulibaini wengi walichelewa kufika. Kwa hiyo, kutokwa damu wakati wa haja kubwa, ambako kunaweza kuwa dalili ya saratani hii, kusidhaniwe kuwa bawasiri bila vipimo.