HISTORIA: Enzi Ambazo Injini Haitupwi Hata Ikifa

Siku hizi IST ikianza kula oili na kutoa moshi wa buluu, fundi hazunguki: "Bosi, tafuta injini nyingine." Unaingia Ilala, unachagua injini iliyotumika Japani, inafungwa, maisha yanaendelea. Wazee wa teksi wa Dar mwanzoni mwa miaka ya 80 wangesikia hivyo wangecheka. Injini nyingine waitoe wapi?

Nchi ilikuwa imebanwa vibaya. Mafuta yalipaa bei 1973, yakapaa tena 1979, na Vita vya Kagera vikala fedha za kigeni. Spea zikawa za kuwinda. Kwa mwenye teksi moja, gari likilala gereji ndiyo unga na ada vimelala hapohapo. Alikuwa na njia mbili tu: aifufue injini ileile, au auze chuma chakavu.

Wenye Peugeot 504 walikuwa na ahueni. Injini yake ina slivu zinazochomoka: fundi anang'oa zilizoliwa, anapachika nyingine na pistoni zake, bloku inabaki ileile. Datsun 1200 na Land Rover hapana. Bloku inapelekwa kuchongwa, halafu zinasakwa pistoni za ovasaizi, nene kidogo kuliko za kwanza. Ikishachongwa mpaka mwisho, inapigwa slivu na kurudishwa saizi ya mwanzo. Kranki nayo inasagwa, inavalishwa beringi nene. Kazi yenyewe siku chache tu, ila seti moja ya ringi ikikosekana unaweza kusubiri mpaka ukome. Na usiache injini imefunguliwa ukaenda zako, wenye akili walishinda gereji na fundi!

Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake nje aingize bidhaa, bila maswali mengi kazipata wapi. Milango ikafunguka, na miaka iliyofuata Toyota za mtumba zikaja, nyuma yake injini. Kule Japani gari jipya dogo linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi wenyewe ghali. Wengi wanaona bora waachane na gari wakati injini bado nzima kabisa.

Injini nazo zimebadilika. 1NZ ya IST ina bloku ya alumini, slivu zake nyembamba zimemiminwa humohumo. Haikutengenezwa ili ichongwe. Kwa hiyo fundi anayesema "badilisha" si lazima awe mvivu.

Shida ni kwamba injini ya mtumba hujui imepitia nini, unaweza kununua inayokula oili kuliko uliyoitupa, na bado kadi ya gari inataka namba mpya ya injini. Mzee wa teksi aliona kila ringi ikiingia. Ndiyo maana wenye Hiace za 5L, ile dizeli ya bloku ya chuma, mpaka leo wapo wanaopeleka kuchonga.