Nyumba, Fremu na Kibali: Kibaha na Kisarawe katika Historia ya Ardhi

Katika mwambao wetu nyumba na biashara zilikaa chini ya paa moja. Aliyejenga Unguja mjini, Bagamoyo au Pangani aghalabu aliacha chumba cha mbele kiwe duka, na barazani pakauzwa kahawa na maandazi. Hapakuhitajika karatasi ya kumtenga anayelala na anayeuza, kwa kuwa alikuwa mtu yule yule. Karatasi hiyo ilikuja baadaye, na msomaji anayetaka kuelewa kwa nini mama mwenye fremu mbili kando ya barabara ya Kibaha au Kisarawe huambiwa leo akaombe kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, hana budi kuifuata tangu ilikotoka.

Tarehe 26 Novemba 1895, amri ya Kaisari wa Ujerumani iliifanya ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Mzaramo aliyelima mihogo na minazi nyuma ya vilima vya Pugu akawa ndiye wa kuthibitisha kwamba shamba ni lake. Waingereza wakafuata na sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923: ardhi ikawekwa chini ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuikalia kwa muda na kwa masharti. Sharti mojawapo ni matumizi.

Katika miaka hiyo ya 1920 mji wa Dar es Salaam uligawanywa kanda tatu kwa kigezo cha aina ya majengo. Ya kwanza ilikuwa ya makazi matupu, ya pili ya maduka na makazi pamoja, ya tatu ya nyumba za wenyeji. Karatasi ilizungumzia majengo. Watu walitazama wakaaji, wakasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Wazo la makazi yasiyochanganyika na biashara, basi, lilitufikia likiwa limefungamana na ubaguzi wa rangi. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1956 ililirithi, na sheria hiyo ikadumu miaka mingi baada ya uhuru.

Miji yetu miwili iliingia katika utaratibu huo kwa njia mbalimbali. Kibaha ya leo ilikulia pembezoni mwa mradi uliopangwa: mwaka 1963 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha kituo cha elimu, afya na kilimo, kilichokabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Kisarawe, kwa upande wake, ilikuwa nchi ya mashamba ya koo, kisha ya vijiji vya miaka ya 1970, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi. Huko mtu aliuza kipande chake mbele ya wazee na mashahidi, na hakuna aliyeuliza kama mnunuzi atalala au atauza.

Sasa mji umewafikia wote. Treni ya umeme ilianza safari mwaka 2024 ikipita Pugu, Soga na Ruvu. Bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa mwaka 2025. Palipopita njia, kila ukuta hutamani kuwa duka. Lakini Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 zinamtaka mwenye hati ya makazi aombe kwanza: maombi hupita halmashauri, kusudio hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme, kisha hufika wizara yenye dhamana ya ardhi. Leseni ya biashara haikidhi haja hiyo. Na ambaye kiwanja chake hakijapimwa hana hati ya kubadilisha; mlango umefungwa kabla hajaufikia. Mwenye mtaji hulipa mtaalamu amfuatilie faili, mwenye genge hungoja kufukuzwa.

Sisemi kibali kifutwe. Jirani wa gereji au wa mashine ya kukoboa mpunga naye ana mtoto anayetaka kulala. Katika utaratibu wote huu, sehemu iliyo karibu zaidi na desturi yetu ni ile ya tangazo, maana humrudishia jirani kauli aliyokuwa nayo barazani. Tangazo hilo lisomwe katika mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na duka la unga lisipimwe kwa mizani ya ghala la makontena. Wakoloni walipochora kanda zao hawakumwuliza jirani. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zinaweza kumwuliza, na mama mwenye fremu mbili naye akasikilizwa kabla fremu hazijabomolewa.