Pumzi ya usiku: tiba iliyocheleweshwa na kicheko

Mwaka 1956 madaktari wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Sidney Burwell, waliandika habari za mfanyabiashara mnene wa miaka 51 aliyekuwa akicheza karata na wenzake. Aligawiwa ree tatu na wafalme wawili, mkono ambao wachezaji wengi wa poka huuota tu. Haukumfaa kitu, maana usingizi ulimpitia akiwa bado ameushika. Siku chache baadaye alilazwa hospitali. Ugonjwa wake madaktari hao waliupa jina kutokana na The Pickwick Papers, riwaya ambayo Charles Dickens alianza kuichapisha mwaka 1836, na ambamo yumo Joe, kijana mnene anayesinzia popote alipo. Kwa miaka 120 wasomaji walimcheka Joe, na hata sayansi ilipomgeukia ilibaki na jina la kuchekesha. Leo mamilioni ya watu wenye tatizo kama hilo hulala wakiwa wamevaa barakoa inayopuliziwa hewa, wakaamka salama. Ukifuatilia historia ya mashine hiyo, utaona kwamba vifaa vya kuiundia vilikuwapo mapema. Kilichochelewa ni mtu wa kukaa macho na kumtazama mkoromaji kama mgonjwa.

Tuanze na koo lenyewe. Mtu anapolala, misuli inayoshikilia ulimi na kaakaa laini hulegea. Kwa walio wengi njia ya hewa hubaki wazi. Kwa wengine, kwa sababu ya mafuta shingoni, taya lililorudi nyuma au mafindofindo makubwa, njia hiyo hubanwa, na pumzi inapovutwa hubonyea kama mrija laini wa soda unaofyonzwa kwa nguvu. Kwanza husikika mkoromo, kisha kimya. Kifua kinaendelea kuhangaika lakini hewa haipiti, oksijeni kwenye damu inashuka, mpaka ubongo ushtuke na kumwamsha kwa nukta chache. Anakoroma kwa kishindo, anavuta hewa, analala tena. Jambo hili laweza kujirudia mara mamia kwa usiku mmoja, na asubuhi asikumbuke hata mara moja. Anachokijua ni kichwa kizito na macho yanayofumba mchana kweupe. Waswahili husema usingizi ni ndugu wa mauti. Kwa mtu huyu undugu huo ni wa karibu mno.

Dawa ya mrija unaobonyea ni kuujaza hewa kwa ndani ili kuta zake zisikutane, na wazo hilo halikuwa geni. Mwaka 1936 daktari wa London, E. P. Poulton, aliwatibu wagonjwa waliojaa maji kwenye mapafu kwa kuwapulizia hewa ya shinikizo kupitia barakoa, na kipulizio chake kilikuwa mashine ya kawaida ya kufyonzea vumbi majumbani. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco walitumia shinikizo endelevu kwa watoto wachanga 20 ambao mapafu yao yalikuwa yakisinyaa. 16 kati yao walipona. Nguvu inayohitajika si kubwa. Zamisha mrija sentimita 10 ndani ya bilauri ya maji, kisha upulize mpaka viputo vianze kutoka chini: hilo ndilo shinikizo linalotosha kuzuia makoo mengi yasifunge, na ni kama sehemu moja ya mia ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Katika wodi za watoto njiti za Tanzania, Kenya na Malawi shinikizo hupimwa kwa njia hiyohiyo, mrija ukiwa umezamishwa kwenye chupa ya maji inayotoa viputo.

Kama kipulizio kilikuwapo tangu 1936, kwa nini hakikumfikia mcheza karata wa Boston? Kwa sababu maelezo ya wakati ule yaliangalia mwili wake wa mchana: uzito mkubwa, pumzi hafifu, kaboni dioksidi inayojaa kwenye damu na kuupumbaza ubongo. Ilipofika mwaka 1965 makundi mawili, la Henri Gastaut huko Marseille na la Richard Jung na Wolfgang Kuhlo huko Freiburg, yaliwafunga wagonjwa wa aina hiyo vipimo vya ubongo na vya pumzi, kisha yakarekodi usiku kucha. Karatasi zilionyesha ambacho mke wa mkoromaji angeweza kuwaambia siku nyingi, kwamba pumzi inakatika na kurudi, inakatika na kurudi. Mwaka 1969 Kuhlo na wenzake walitoboa koo la mgonjwa chini ya kizuizi na kuweka mrija, na usingizi wake ukatulia. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na William Dement wa Stanford wakaupa ugonjwa jina rasmi, wakihesabu kila mkatiko wa pumzi unaofika sekunde 10. Tiba ya uhakika, hata hivyo, ilibaki tundu la shingoni: kuliziba mchana ili uweze kusema, kulizibua usiku, kulisafisha makohozi kila siku na kuagana na kuogelea. Haishangazi kwamba wagonjwa wengi walichagua kuendelea kusinzia.

Mmoja wa waliokataa kutobolewa ndiye aliyefungua mlango. Mwezi Juni 1980, katika Hospitali ya Royal Prince Alfred mjini Sydney, daktari Colin Sullivan alimwomba ajaribu kitu kingine kwa usiku mmoja. Sullivan alikuwa amerudi kutoka Toronto, ambako alichunguza upumuaji wa mbwa waliolala na kuwatengenezea barakoa za pua. Alichukua injini ya kupulizia hewa, mipira ya kupitishia na barakoa, akaanza kupandisha shinikizo polepole. Koo lilifunguka. Alipolishusha likafunga, alipolipandisha likafunguka tena, kana kwamba ugonjwa una swichi ukutani. Mgonjwa akazama kwenye usingizi mzito na asubuhi akaamka mchangamfu. Aprili 1981 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya wagonjwa watano, kwa shinikizo la sentimita 4.5 hadi 10 za maji. Waliofuata walipelekewa mashine majumbani: injini yenye kelele, na barakoa iliyofinyangwa kwa kipimo cha pua ya kila mtu na kugandishwa usoni kwa gundi ya silikoni kila usiku. Walioweza kuvumilia adha hiyo walituonyesha jinsi walivyokuwa wakiteseka kabla yake. Kampuni ya Respironics ilianza kuuza mashine za namna hiyo Marekani mwaka 1985, na mwaka 1989 kazi ya Sydney nayo ikazaa kampuni inayojulikana leo kama ResMed.

Yupo atakayepinga kwamba navipunja vyombo haki yake: bila mashine za kurekodi mawimbi ya ubongo na bila plastiki laini, jicho pekee lisingefika popote. Ni kweli kwamba vipimo vya mwaka 1965 vilihitaji mashine. Ila mashine za kurekodi mawimbi ya ubongo zilikuwa zikitumika tangu miaka ya 1930, na kwa muda mrefu karibu hakuna aliyeona sababu ya kumfunga nazo mkoromaji. Mwingine atasema ugonjwa huu ni wa unene, basi mtu apungue badala ya kulala na mpira puani. Kupungua kunasaidia, na Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tirzepatide, dawa ya kupunguza uzito, kwa wanene wenye ugonjwa huu wa kiwango cha kati au kikali. Lakini wapo wembamba wanaougua kwa sababu ya umbo la taya, na hata mnene anayepungua anahitaji kupumua leo usiku. Hoja ya unene peke yake ni kicheko kilekile cha Joe kilichovaa koti la daktari.

Pingamizi zito kuliko yote lilitoka kwenye utafiti wenyewe. Mwaka 2016 jaribio lililoitwa SAVE, lililohusisha watu 2,717 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, lilionyesha kwamba mashine haikupunguza mishtuko ya moyo, kiharusi wala vifo. Wakosoaji walisema tumeuziwa ahadi hewa. Ni haki kukiri kwamba madai ya kuulinda moyo yalikimbia mbele ya ushahidi. Lakini washiriki hao waliivaa mashine kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na wenye usingizi mkali wa mchana hawakuingizwa. Hata kwa muda huo mfupi, kukoroma na kusinzia vilipungua na hisia zao zikaboreka. Mwaka 2021 imani ilitikisika tena pale kampuni ya Philips ilipoyaondoa sokoni mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake ilikuwa ikimeguka. Hilo lilikuwa kosa la sponji, na lilistahili kulaumiwa kwa ukali. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: kanuni ya hewa inayolitegemeza koo haikuguswa.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yanasema watu wazima karibu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili kwa kiwango fulani. Wengi hawajui, kwa sababu ni ugonjwa usioonekana na mwenye nao. Shahidi ni anayelala chumba kimoja naye. Kama aliye jirani yako anakoroma, ananyamaza, kisha anashtuka akitafuta hewa, hesabu sekunde za kimya hicho. Zikifika 10 na kujirudia, mwambie asubuhi, na mwende wote hospitali mkaieleze hesabu hiyo.